Je, Wajua? Kinachowaka si Petroli, ni Mvuke Wake

Spiriti ya kusafishia kidonda iko kabatini. Kichupa cha kuondolea rangi ya kucha kiko kwenye meza ya kioo. Dumu la mafuta ya taa liko nyuma ya mlango, na nusu kopo la thina limesahaulika stoo tangu fundi rangi amalize kazi. Vyote hivi huitwa viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha vitu ambavyo maji hayaviwezi: rangi, gundi, grisi, lami, nta. Vingi vyake vina sifa nyingine ya pamoja, nayo ni kugeuka mvuke upesi. Sifa hiyo ndiyo inayofanya rangi ikauke na mikono isibaki na mafuta. Hiyohiyo ndiyo inayounguza nyumba.

Je, wajua kwamba petroli yenyewe haiwaki?

Kinachowaka ni mvuke unaopanda juu yake na kuchanganyika na hewa. Kila kimiminika cha aina hii kina kiwango chake cha joto ambapo huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na mwali. Kwa petroli, kiwango hicho ni kama nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha Kilimanjaro hakiifikii kwa kawaida. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Tolueni, iliyomo kwenye thina na gundi nyingi, ni nyuzi 4. Ethanoli, ambayo ndiyo roho ya spiriti, ni nyuzi 13. Tapentaini ni kama 35, mafuta ya taa huanzia 38, na dizeli hupita 50.

Sasa chukua mchana wa Dar es Salaam au Mombasa wenye nyuzi 32. Petroli, asetoni, thina na spiriti zote zimekwisha kuvuka mpaka wao. Zikiachwa wazi, zinangoja cheche tu. Mafuta ya taa bado hayajafika. Ndiyo maana koroboi inaweza kukaa mezani usiku kucha bila kulipuka: utambi huyanyonya mafuta kidogo kidogo, mwali huyapasha, nayo hugeuka mvuke pale pale juu ya utambi. Yaliyobaki chini yanakaa yametulia.

Je, wajua kwa nini mafuta ya taa yaliyochakachuliwa huua?

Mtu akimimina petroli kidogo kwenye mafuta ya taa, macho hayatambui. Kiwango cha kushika moto, hata hivyo, huporomoka, na yale mafuta yaliyotulia ndani ya koroboi au jiko la utambi huanza kutoa mvuke unaowaka. Taa iliyotumika miaka mingi bila tatizo hulipuka mbele ya mtoto anayefanya kazi ya shule.

Uchakachuaji wa kawaida huenda upande wa pili: mafuta ya taa huchanganywa kwenye dizeli au petroli kwa sababu ya tofauti ya bei. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yajulikane yanapopimwa kituoni. Kenya nayo mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Aliyeumia zaidi na tozo hiyo ni mama wa mtaani aliyepikia jiko la mafuta ya taa.

Je, wajua kwamba mvuke huu haupotei angani, bali hutambaa chini?

Mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Wa asetoni ni mara mbili. Wa petroli ni mara tatu hadi nne. Kwa hiyo haupandi juu na kutoweka kama moshi. Hushuka, hufuata mteremko, huingia mitaroni na mabondeni, hupita chini ya mlango, na unaweza kukutana na moto mbali na pale mafuta yalipomwagika. Moto ukishashika, hurudi mbio kwa njia ileile hadi kwenye chanzo.

Afrika Mashariki na Kongo zimejifunza somo hili kwa uchungu. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka na petroli ikawaka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa Sange, Kivu Kusini. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilifuata mtaro hadi ndani ya mtaa wa Sinai, Nairobi. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro. Msamvu na Sachangwan kila mahali walikufa watu zaidi ya 100. Sange walipita 200. Kwenye ajali za malori, watu walikuwa wamekusanyika na ndoo na madumu. Waliona petroli ikitiririka ardhini. Hawakuona kwamba walikuwa wamesimama ndani ya mvuke uliowafika magotini, na mvuke huo hauulizi nani kachota na nani anapita njia.

Je, wajua kwamba pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa?

Mvuke wa petroli huwaka pale tu unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa iliyopo. Ukipungua chini ya hapo hauwaki. Ukizidi sana hauwaki vilevile, kwa sababu hewa haitoshi. Ndani ya tangi lililojaa, nafasi iliyobaki juu imeshiba mvuke kupita kiasi. Tangi likimwagwa, hewa huingia, mvuke hupungua, na mchanganyiko unashuka taratibu hadi katika kiwango kile hasa cha kulipuka.

Hapo ndipo mafundi wa kuchomelea wanapokufa. Mteja anakuja na tangi la pikipiki lililotoboka, analitikisa, anasema, "Kavu kabisa hili, fundi, halina hata tone." Fundi naye analigonga, analisikia likilia kama debe, anawasha mashine. Tone halihitajiki. Kilichobaki kwenye kutu na pembe za ndani kinatosha kujaza tangi lote mvuke. Fundi mjuzi hulisafisha kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kisha hulijaza maji hadi karibu na tundu analoziba, ili mvuke ukose mahali pa kukaa. Kuliacha tangi juani wazi kwa siku moja si kusafisha.

Je, wajua kwamba mtungi wa fundi huyohuyo una asetoni ndani?

Asetilini, gesi ya kuchomelea na kukatia vyuma, haikubali kushindiliwa peke yake. Ikibanwa sana hulipuka yenyewe, hata bila hewa. Kwa hiyo mtungi wake haukuachwa wazi ndani. Umejazwa kitu chenye matundu madogo mno, na matundu hayo yamenyweshwa asetoni. Gesi huyeyuka ndani ya asetoni na kutulia. Ndiyo sababu mtungi wa asetilini hutumiwa ukiwa umesimama: ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi.

Aliyeiboresha njia hiyo ni Msweden Gustaf Dalén, aliyetaka taa za minara ya baharini zijiwashe zenyewe bila mlinzi. Mwaka 1912 alipofuka katika mlipuko wakati wa kuijaribu mitungi. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake ya kuwasha minara.

Je, wajua kwamba kituo cha kwanza cha mafuta duniani kilikuwa duka la dawa?

Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili katika gari lililoundwa na mumewe Karl. Walikuwa wakienda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, safari ndefu ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifanya. Vituo vya mafuta havikuwapo. Mafuta yalipopungua, alisimama katika mji wa Wiesloch, akaingia kwa muuza dawa na kununua ligroini, kiyeyushi chepesi cha petroli ambacho watu wa enzi hizo walikinunua chupa kwa chupa kuondolea madoa kwenye nguo. Duka hilo mpaka leo linajivunia kuwa kituo cha kwanza cha mafuta. Njiani bomba la mafuta liliziba, naye akalizibua kwa pini ya kofia yake.

Kabla ya magari, wasafishaji wa mafuta walitafuta mafuta ya taa tu. Sehemu nyepesi iliyotoka pamoja nayo ilikuwa kero isiyo na soko kubwa zaidi ya hilo la madoa.

Je, wajua kwamba udobi mkavu si mkavu?

Suti inayorudi kutoka kwa dobi wa mashine haikupita kwenye maji, lakini ililoweshwa vizuri tu, kwenye kiyeyushi. Inasimuliwa kwamba jambo hili lilianzia Paris katika karne ya 19, pale mtumishi alipomwaga mafuta ya taa juu ya kitambaa cha meza cha tajiri wake Jean-Baptiste Jolly, kisha doa la chakula likatoweka. Kwa miaka mingi madobi walitumia petroli na viyeyushi jamaa zake, na maduka yakawa yanaungua kila mara. Miaka ya 1920 kikatengenezwa Marekani kiyeyushi kizito zaidi, kilichohitaji nyuzi karibu 38 kabla ya kushika moto. Baadaye wengi wakahamia kwenye kiyeyushi chenye klorini kisichowaka kabisa. Nacho kikaja na lake: kinahusishwa na saratani.

Je, wajua kwamba pareto ya Mufindi na Molo hupita kwenye kiyeyushi?

Ua la pareto lililokaushwa lina sumu ya wadudu kwa kiasi kidogo tu, asilimia moja hadi mbili ya uzito wake. Maji hayawezi kuitoa. Kiwandani maua husagwa, kisha hupitishiwa heksani, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 69. Heksani huibeba sumu na kuyaacha makapi. Ikipashwa joto kidogo, hupanda mvuke, hupozwa na kurudi tena kimiminika tayari kwa maua mengine. Kinachobaki ni uji mzito wa rangi ya kahawia wenye nguvu ya kuua mbu na wadudu wa ghalani. Kenya iliongoza dunia kwa pareto kwa miongo mingi, na Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zinailima hadi leo.

Heksani hiyohiyo ndiyo inayotumika katika viwanda vingi duniani kukamua mafuta ya kula kutoka kwenye soya na mbegu za pamba. Mashine ya kukandamiza huacha mafuta mengi kwenye mashudu. Kiyeyushi huacha kidogo sana.

Je, wajua kwamba kahawa ya kwanza isiyo na kafeini ilisafishwa kwa benzini?

Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa Bremen, Ujerumani, alianza kuuza kahawa hiyo mwaka 1906. Buni mbichi zilifukizwa kwa mvuke wa maji ya chumvi, kisha kafeini ikayeyushwa na kutolewa kwa benzini. Wakati huo benzini ilipendwa kwa harufu yake tamu, na wapo wanaume walioipaka usoni baada ya kunyoa ndevu. Leo inajulikana kwamba huleta saratani ya damu. Haitumiki tena kwenye kahawa, lakini kidogo yake bado imo ndani ya petroli. Anayepitisha mafuta kwa mdomo na mpira ili kuyahamisha kutoka tangi moja hadi jingine anaivuta moja kwa moja.

Je, wajua kwamba spiriti iliyotiwa maji huua vijidudu kuliko iliyo kali?

Ethanoli ya asilimia 70 ni bora kuliko ya asilimia 99. Kali sana hukausha gamba la nje la kijidudu haraka na kupotea hewani kabla haijaingia ndani. Maji huipunguza kasi na kuisaidia kuharibu protini za kijidudu. Sanitaiza iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kutengenezwa hospitalini ina ethanoli ya asilimia 80, na maji yamo kwa sababu hiyo.

Ukichanganya mililita 50 za ethanoli safi na mililita 50 za maji, hupati 100. Utapata kama 96 au 97. Hakuna kilichomwagika: chembe za vimiminika hivyo viwili huvutana na kubanana kuliko zilivyokuwa awali.

Ubaridi unaousikia spiriti ikigusa ngozi kabla ya sindano hautokani na spiriti kuwa baridi. Chupa ilikuwa na joto lilelile la chumba. Ili igeuke mvuke inahitaji joto, nayo hulichukua kwenye ngozi yako.

Je, wajua kwamba kuna spiriti inayopofusha?

Methanoli na ethanoli hufanana kwa rangi na uwazi, na kwa harufu hazipishani sana. Moja humlewesha mtu, nyingine humuua. Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Mililita 10, vijiko viwili vya chai, zaweza kupofusha. 30 zaweza kuua. Ubaya wake ni kwamba dalili hukawia nusu siku au zaidi, na mnywaji hudhani ni uchovu wa ulevi wa jana.

Nairobi ililia Novemba 2000, pale pombe iliyotiwa methanoli ilipoua watu zaidi ya 100 mitaani. Mei 2014 kaunti kadhaa za Kenya zikazika tena makumi ya watu kwa sababu hiyohiyo. Spiriti ya kuwashia au ya fundi mbao mara nyingi hutiwa methanoli makusudi, pamoja na rangi, ili isinyweke. Kuichuja kwa mkate au makaa hakuiondoi sumu.

Dawa mojawapo hospitalini ni ethanoli. Madaktari humpa mgonjwa kwa kipimo ili ini lishughulike nayo, na methanoli ipite ikatoke bila kugeuzwa sumu. Hiyo ni kazi ya hospitali, si ya nyumbani.

Je, wajua kwamba moto mwingine hauonekani?

Methanoli huwaka kwa mwali wa buluu hafifu sana, na juani mtu haoni kinachomuunguza. Katika mashindano ya magari ya Indianapolis ya mwaka 1981, magari yakitumia methanoli, dereva Rick Mears na mafundi wake walionekana wakirukaruka na kujipigapiga bila mwali wowote. Walikuwa wanaungua. Mwali wa sanitaiza nao ni wa buluu na hafifu. Ukishaipaka, ingoja mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha jiko.

Je, wajua kwamba mwili wako hutengeneza asetoni?

Mtu akifunga kula kwa muda mrefu, au mgonjwa wa kisukari akikosa insulini, mwili huunguza mafuta yake badala ya sukari. Katika kazi hiyo hutoa asetoni, na pumzi hunukia kama tunda lililoiva sana au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mgonjwa wa kisukari mwenye pumzi ya namna hiyo, anayetapika na kuhema kwa nguvu, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Asetoni pia iliwahi kupigania vita. Waingereza waliihitaji kutengeneza baruti isiyotoa moshi katika Vita Kuu ya Kwanza, nayo ikaadimika. Chaim Weizmann, mwanakemia wa Manchester, alikuwa amegundua bakteria wanaotengeneza asetoni kwa kuchachusha wanga wa mahindi. Mahindi yalipopungua mwaka 1917, watoto wa shule waliokoteshwa mbegu za miti zisizolika ili zichachushwe badala yake. Weizmann baadaye akawa rais wa kwanza wa Israeli.

Je, wajua kwamba kiyeyushi kilianzisha upasuaji usio na maumivu?

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts huko Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari mpasuaji akamtoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Kabla ya hapo, sifa ya mpasuaji ilikuwa kasi, na kazi ya wasaidizi ilikuwa kumshikilia mgonjwa. Etha huchemka kwenye nyuzi 35, chini ya joto la mwili, na huwaka upesi kama petroli. Vyombo vya umeme vilipoingia vyumba vya upasuaji, cheche moja ilitosha kuleta maafa. Mwaka 1956 ikaja halothani isiyowaka, na etha ikaanza kustaafu.

Je, wajua kwamba matambara hujiwasha yenyewe?

Mafuta ya kitani, ambayo mafundi huchanganya na tapentaini kupaka mbao, hayakauki kwa kugeuka mvuke. Hukauka kwa kuungana na hewa, na muungano huo hutoa joto. Kwenye mbao joto hupotea. Kwenye rundo la matambara yaliyotupwa pembeni, joto hukosa pa kutokea, huzidi saa baada ya saa, mpaka rundo linashika moto pasipo mtu wala kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, matambara ya namna hiyo yalianzisha moto katika jengo la ghorofa 38 huko Philadelphia, Marekani. Wazimamoto watatu walikufa. Fundi makini huyatandaza matambara yake nje, moja moja, hadi yakauke, au huyaloweka kwenye ndoo ya maji.

Je, wajua kwamba dumu la plastiki linaweza kuzaa cheche?

Petroli ikipita kwenye bomba husuguana nalo na kubeba umeme tuli. Lori linaposhusha mafuta kituoni, kwanza hufungwa waya wa kuupeleka umeme huo ardhini. Dumu lililowekwa juu ya kiti cha gari au sakafu ya plastiki ya pikapu halina njia ya kuutoa. Umeme hujikusanya, na chuma cha bomba kikilikaribia, cheche huruka. Dumu linajazwa likiwa chini, ardhini, na bomba likiligusa. Simu, inayokatazwa kila kituo, imeshukiwa sana. Waliochunguza mioto hiyo Marekani walikuta chanzo mara nyingi ni umeme tuli, hasa kwa mtu aliyerudi kukaa ndani ya gari kisha akashuka na kushika bomba.

Je, wajua kwa nini gundi ya viatu humchukua mtoto wa mtaani?

Tolueni iliyomo kwenye gundi hupenda mafuta, na ubongo umejaa mafuta. Ikivutwa puani hufika huko ndani ya sekunde chache, ikaua njaa na baridi kwa muda. Ndiyo maana chupa ya plastiki haimtoki mdomoni mtoto wa jalalani. Ikiendelea miaka, huharibu kumbukumbu, mwendo na figo. Wakati mwingine moyo husimama ghafla, hata kwa anayevuta mara ya kwanza.

Je, wajua kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi?

Mafuta ya taa tumboni hudhuru kidogo kuliko mapafuni. Mtoto akitapishwa, mafuta hurudi kooni na mengine huteleza kwenye njia ya hewa, kisha mapafu huvimba. Usimpe maziwa kumtapisha, usimtie kidole kooni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali hata kama anacheza. Mara nyingi chanzo ni chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa na kuwekwa pale mtoto anapofika.

Je, wajua kwamba si kila povu huzima kila moto?

Petroli na mafuta ya taa ni vyepesi kuliko maji na havichanganyiki nayo. Ukivimwagia maji, huelea na kusambaa vikiwaka. Moto mdogo hufunikwa kwa mchanga mkavu, kwa kifuniko, au hupulizwa kizimamoto cha unga. Wazimamoto hutumia povu linalotanda juu ya petroli na kuuzuia mvuke usitoke. Ethanoli na asetoni, kwa vile huchanganyika na maji, huyanyonya maji yaliyomo kwenye povu hilo la kawaida na kulivunja, kwa hiyo huhitaji povu la aina yake. Ukipiga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114 kwa Tanzania, usiseme tu "kuna moto". Taja kinachowaka.